Kumi Bora za PDG: Wema wa Watu Tusiowajua Lubumbashi, Kuanzia Mkiani

Kwanza kanuni, maana Papa PDG ameshatangaza kwamba atakata rufaa.

Wanaoruhusiwa kushindana ni watu tusiowajua tu. Shangazi, jirani wa ukuta mmoja, mwanakwaya mwenzangu, wote nje: hao wanatimiza wajibu, na wajibu hauna medali. Pili, wema uwe umetokea Lubumbashi. Tatu, na hii ndiyo kanuni yenye meno: kadiri mtu alivyotuhutubia, ndivyo anavyoshuka. Mtu akinisaidia kupandisha kiti kisha akanieleza njia nzima kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, msaada wake nimeshaulipa kwa masikio. Hatudaiani.

PDG ni mwanangu, na Papa PDG ni baba yake. Kwenye karatasi ya mtoto madaktari waliandika IMC, herufi tatu ambazo kila mzazi aliyewahi kukaa kwenye benchi la mazoezi ya viungo anazijua. Maana yake ubongo uliumia karibu na wakati wa kuzaliwa, na tangu hapo misuli inapokea amri zilizovurugika njiani. Hatembei. Maneno anayo machache na huyatoa akitaka yeye. Kicheko anacho kingi, na hukitoa kanisani. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240. Nawapa pole wazazi wao wote wasioishi jirani na soko la Kenya. Nasema Kenya ya kwetu, ile komini ya mji huu, siyo ile yenye Nairobi.

10. Reseva wa taksibisi

Katika hesabu za taksibisi, kiti cha magurudumu ni gunia la makaa: kinalipa, tena kinalipa nafasi ya mtu mzima, na mwenye nacho anatazamwa vibaya hadi ashuke. Siku hiyo nilikuwa nimeshaandaa makuta, yaani hela, ya nafasi mbili na uso wa nafasi tatu. Reseva, yaani mkusanya nauli, kijana mwenye sauti iliyoharibiwa na kazi yake, akanifungulia mlango wa mbele.

"Mama, weka PDG mu kabini. Bosi hapandake nyuma."

Abiria mmoja mwenye kuku akauliza kama kiti nacho kitalipa.

"Ile njo biro yake," reseva akajibu. "Biro hailipake." Ofisi.

Jina likaganda hapohapo. Mji huu umelelewa na kampuni: Union Minière iliundwa mwaka 1906, kabla mji wenyewe haujaanzishwa mwaka 1910, na serikali ilipoitaifisha mwanzoni mwa 1967 ikazaliwa ile tunayoiita Gécamines. Kwa hiyo hapa hata mtoto wa shule ya chekechea anajua PDG, yaani mkurugenzi mkuu wa kampuni, ni mtu wa namna gani. Hatembei kwa miguu. Ana dereva. Chakula kikichelewa, watu wanasimamishwa kazi. Na anachokifanya kutwa nzima hakuna anayekijua kwa hakika. Mwanangu ana sifa zote nne.

Kwa nini basi huyu shujaa ameshika mkia? Kwa sababu alitutangaza kila kituo. "PDG iko ndani! Muingie na heshima!" Hadi tunashuka, nusu ya mji ilikuwa na ratiba yetu.

9. Bwana wa noti ya franka 500

Tulikuwa karibu na Posta, mjini kati, tumesimama kwenye kivuli. Bwana mmoja wa suti akapita, akainama, akaweka noti ya franka 500 mkononi mwa PDG, akaendelea na safari yake. Hatukuwa tunaomba kitu. Tulikuwa tunaogopa jua.

Papa PDG ana heshima zake. Akasema noti irudi kwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba mkono wa PDG ukifunga haufunguki kwa amri ya mtu, hata amri yake mwenyewe, na ukiuvuta unakaza zaidi. Ndivyo misuli ya IMC ilivyo. Muulize kine yeyote, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Basi Papa PDG akamfuata yule bwana akisukuma kiti mbio, mtoto mbele kainua noti juu kwa furaha, "Bwana! Bwana!" Bwana akageuka mara moja, akatuona, akaongeza mwendo. Naamini hadi leo anadhani tulitaka aongeze.

Noti ilinunua biskuti. Na bwana ameingia kwenye orodha kwa kitu kimoja tu: alimpa mtoto mwenyewe, mkononi, huku akimtazama usoni. Wengi wanaotoa, hunipa mimi, kama vile PDG ni kisanduku cha sadaka na mimi ndiye mhasibu.

8. Sare: askari wa barabarani na mtu wa pusupusu

Askari alituona tumekwama ukingoni mwa avenyu Lumumba saa ya msongamano. Akaja na firimbi. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaanza safari ya kuelekea kwenye pochi. Yeye akasimamisha magari pande zote mbili, akanyoosha njia, akapiga saluti. PDG, ambaye mambo haya anayaona kuwa haki yake, hakuirudisha.

Mtu wa pusupusu alitukuta Katuba mvua ya Januari imeshaifanya njia kuwa tope na magurudumu ya kiti yamezama hadi nusu. Mkokoteni wake ulikuwa umejaa magunia ya unga. "Mupandishe tu, mama. Unga hailalamikake." Akampandisha juu ya magunia, kiti akakifunga nyuma, akasukuma hadi mlangoni kwetu. PDG aliingia nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi soksi. Wote wawili, askari na yeye, hawakusema maneno zaidi ya hayo niliyoyaandika, na wangepanda juu zaidi kama wangekaa nasi muda mrefu kidogo.

7. Mama wa duka la dawa

Watoto wengi wenye IMC wana kifafa pia, na PDG hakutaka kuachwa nyuma. Dawa yake ni fenobarbitali: ya zamani, ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Ina sharti moja tu, lakini kali. Haikatwi ghafla. Ukiikata kwa sababu mshahara umechelewa, kifafa hakielewi habari za mshahara. Kinarudi kwa nguvu kuliko kilivyoondoka.

Mwisho wa mwezi, duka letu la kawaida limefungwa, vidonge vimebaki vya usiku mmoja. Nikaingia duka la kwanza lenye taa. Mama aliyekuwa nyuma ya kaunta hakuniuliza naishi wapi wala mume wangu anafanya kazi gani. Aliniuliza uzito wa mtoto. Akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akalinganisha na karatasi ya daktari, akahesabu vidonge vya kutosha hadi mshahara ufike.

"Makuta utaleta. Hii dawa haikatwake."

Ndilo deni pekee maishani mwetu lililolipwa kabla ya siku yake. Papa PDG anaomba mwenye nyumba yetu aruke aya hii.

6. Watoto wa Kamalondo

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasomaji wa mbali. Kamalondo ndiko uliko uwanja wa TP Mazembe, na mlinda mlango mashuhuri kuliko wote wa Mazembe ni Robert Kidiaba. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Iliifunga Pachuca 1-0, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0, kisha Inter ya Milan ikatufunga 3-0, jambo ambalo hapa kwetu halijadiliwi mezani. Lakini dunia nzima haikukumbuka mabao. Ilimkumbuka Kidiaba, ambaye kila Mazembe ikifunga alikuwa akikaa chini, miguu mbele, na kurukaruka kwa makalio uwanjani huku amenyoosha mgongo.

Sasa, PDG akishushwa kwenye kiti, ndivyo anavyosafiri. Anakaa, anajisukuma kwa mkono wa kulia, anaruka kwa makalio. Kine alitueleza kwamba watoto wengi wasioweza kutambaa hugundua njia hii wenyewe, na kwamba ni kazi nzuri kwa mgongo. Mimi nilikuwa nikiona aibu kumshusha mbele za watu. Watu wana macho, na macho yao yana midomo.

Jumamosi moja tulikuwa Kamalondo kwa shangazi. Nikamshusha uani kwa sababu mikono yangu ilikuwa imechoka, geti likiwa wazi. Watoto wa njiani wakasimama. Nikajua kinachokuja. Kijana mmoja mwenye jezi ya nyeusi na nyeupe iliyochakaa akamtazama PDG akikata ua mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akapiga kelele kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Kidiabaaaa!"

Na wote wakakaa chini. Watoto wa njia nzima, vumbini, miguu mbele, wakiruka kwa makalio. Mashindano yakapangwa: kutoka kwenye bomba la maji hadi kwenye mwembe. PDG akashinda. Akashinda tena. Bila shaka akashinda, wenzake walikuwa wameanza mchezo huo dakika hiyo, yeye ana uzoefu wa miaka. Kicheko chake siku hiyo kilisikika hadi uwanjani.

Jioni mwanamke nisiyemjua akabisha geti akiwa na kaptula ya mtoto iliyotoboka nyuma, matundu mawili. Nikajipanga kwa ugomvi. Nikakumbuka hata bei ya kaptula sokoni. Yeye akauliza kama Kidiaba atakuja tena Jumamosi ijayo, maana mwanawe alikuwa nyumbani anafanya mazoezi na hataki kula.

Rufaa ya Papa PDG ilihusu kipengele hiki. Anasema hawa ni nafasi ya kwanza, hakuna mjadala. Rufaa imesikilizwa, mwombaji amekutwa na upendeleo (ana picha ya Kidiaba chumbani), rufaa imetupwa.

5. Imefutwa

Nafasi hii ilikuwa ya kijana aliyesukuma kiti mlima mzima bila kuombwa. Jasho linamtoka, hotuba hakuna, nikasema huyu ni wa tano bora. Kufika juu akatoa simu, akamkumbatia PDG, akajipiga picha, kisha akaniuliza jina la mtoto "kwa ajili ya maandishi". Medali imerudishwa kabatini.

Kwa kuwa nafasi iko wazi, nitumie mwanya huu kuwataja wengine walionyimwa kadi ya kuingia. Mama aliyenipa kitenge kizuri sana kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nilimkosea nani kwenye ukoo. Mchungaji wa njiani aliyetaka kumtoa PDG pepo palepale kituoni, bure, bila hata kuuliza kama tuna haraka. Kwa faida ya hao: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inatoa adhabu. Nimeshaisoma mbele ya mtu kituoni. Taksibisi ilikuja haraka kuliko kawaida.

4. Vijana wa ngazi

Ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilitaka karatasi ya PDG ipelekwe ghorofa ya pili, na PDG mwenyewe aonekane. Lifti hakuna. Ngazi zipo, za enzi za Wabelgiji, nzuri kweli, za kupigia picha za harusi.

Sheria tunayo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Mwaka 2015 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria mahususi, nambari 22/003, inayowalinda. Nimeisoma, imeandikwa vizuri. Ila sheria haina mikono, na siku hiyo nilihitaji mikono.

Kwenye foleni walikuwapo vijana wanne. Kwa kawaida hapa ndipo ninapopiga kelele, maana msaada wa Lubumbashi ni wa mbio: mtu anamkwapua mtoto kwa kwapa, mwingine anavuta mguu, na bega la mtoto mwenye misuli ya namna hii hutoka mahali pake kwa urahisi. Mmoja wao, begani mfuko wa UNILU, chuo kikuu chetu, akauliza:

"Mama, tumubebe namna gani?"

Naomba mrudie kusoma sentensi hiyo. Katika miaka yote ya kumlea PDG, sentensi hiyo nimeisikia mara chache kuliko "pole". Nikawaeleza: mtoto abaki kitini na mikanda yake; kiti kipande kinyumenyume; mwenye nguvu akae juu ashike mishikio na kukilaza nyuma kidogo; wa chini washike chuma cha fremu, wasishike magurudumu wala pa kuwekea mikono maana hapo panang'oka. Wakapanda wakihesabu pamoja kila ngazi. Foleni nyuma yao ikawalindia nafasi zao, jambo ambalo kwa foleni za mji huu lingestahili orodha yake peke yake.

Juu, karani akachukua karatasi, akaigeuza, akasema: "Hii inasainiwa chini."

Wakamshusha. Hakuna aliyewaomba. PDG alicheka ngazi zote za kwenda na za kurudi, na nina wasiwasi kwamba anataka kurudi.

3. Bibi wa benchi

Alitoka Kipushi, ule mji wa migodi mpakani na Zambia, kumleta mjukuu kwa kine. Alikuwa amekaa pembeni yangu anafuma. Mimi nilikuwa namlisha PDG uji kwa namna niliyokuwa nikimlisha siku zote: nimemlaza mkononi, kichwa nyuma, uji unaingia, kikohozi kinatoka, uji unarudi kwenye blauzi yangu. Nilidhani ndivyo mtoto wa IMC anavyokula. Kila baada ya wiki kadhaa alikuwa na kifua, nikidhani ni baridi.

Bibi akaweka nyuzi chini. "Mwanangu, leta kijiko."

Hakunieleza kosa langu. Alimkalisha wima, mgongo umeegemea tumbo lake, akamshusha kidevu kidogo kuelekea kifuani. Kijiko kidogo, kinachoingia kutoka mbele na chini, siyo kutoka juu. Kisha akangoja. Mimi ningeshaweka kijiko cha pili. Yeye akangoja hadi koo limeze, na baada ya kumeza akangoja tena. Uji ukaisha. Blauzi yake safi.

Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inabaki wazi, uji unateremkia mapafuni, na kile kifua cha kila baada ya wiki kadhaa siyo baridi. Yeye hakulieleza hivyo. Alisema tu, "Chakula kinapenda kuona njia."

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema mwanawe wa kwanza alikuwa hivi. Halafu, bila mimi kuuliza, akaongeza kwamba nisiache watu waniulize nilikula nini wakati wa mimba. Alijuaje? Anajua kila mama hapa anaulizwa. Ulikula nini, ulivuka nini, ulimtukana nani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo chetu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa kwenye jarida la Lancet Planetary Health utafiti kuhusu watoto wa mji huu waliozaliwa na kasoro za mwili. Kilichojitokeza kwa nguvu ni kazi ya baba: waliofanya kazi za migodi, watoto wao walikuwa katika hatari zaidi. Utafiti huo haukuhusu IMC, kwa hiyo simsingizii Papa PDG lolote, ingawa nilimsomea kwa sauti mara mbili. Ninachotaka kusema ni kwamba katika mji unaokula shaba na kupumua vumbi lake, mtu wa kwanza kuulizwa bado ni mama, na anaulizwa kuhusu vyakula.

Nusu ya kilo alizo nazo PDG leo ni za yule bibi.

2. Mama wa karanga

Soko la Kenya, Jumamosi, hakuna pa kuweka mguu. Nilisimama kuulizia sombe, yale majani ya muhogo. Kiti kikawa sambamba na meza ya karanga, na PDG, kwa mkono ule wa kulia, akachota. Siyo moja. Mkono ukafunga.

Mama wa karanga akamwona. Kwa kawaida hapa huja ile sauti laini, "Ooh, maskini, mwache ale." Nimeisikia kwa mandazi, kwa ndizi, mara moja kwa kuku mzima. Yeye akaweka mikono kiunoni.

"Weye kijana! Karanga yangu unaiba na sura ya malaika?"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akaanza kumsihi, "Mama, unaona mwana namna iko..." Mama wa karanga akamkata. "Minaona. Minaona mwizi." Akamgeukia tena PDG. "Rudisha, ao ulipe. Hapa batu yote banalipaka."

PDG alikuwa hajawahi kugombezwa na mtu wa nje. Alimtazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata. Nikamwekea noti kwenye mkono wa kushoto, ule mgumu zaidi, kwa sababu wa kulia ulikuwa umejaa ushahidi. Mama akanyoosha kiganja chake chini ya ngumi ile, na hakuivuta. Wateja wawili wakaja, akawaambia wangoje, anamhudumia mtu. Ngumi ikafunguka kwa wakati wake, noti ikadondoka kiganjani. Akahesabu chenji, yote, akaiweka mapajani mwa mteja wake.

"Sasa uko mukliya," akasema. Mteja. PDG alikwenda nyumbani ameinua kidevu namna ambayo ingemwudhi yule bibi wa Kipushi.

1. Fundi wa milango

Kiti cha kwanza cha PDG kilikuwa cha msaada, kilikuja kwenye kontena kutoka mbali. Kizuri, kinang'aa, cha mtu mzima. Mtoto alielea ndani yake. Matairi membamba magumu yaliyotengenezwa kwa korido za hospitali yalikufa kwenye mashimo yetu kabla ya Pasaka. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa viti kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa, na unasema waziwazi kwamba kiti kinapaswa kumtosha mtu na kuiweza ardhi anayoishi. Kontena haisomi miongozo.

Nilikuwa nakisukuma kwa kukiinua mbele, gurudumu moja limekwisha, mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma huko Katuba. Fundi akainua kinga ya macho. Hakusema pole. Alizunguka kiti, akachuchumaa, akatikisa kila kitu kinachotikisika.

"Uyu mutoto anakaa vibaya," akasema. Akaingia ndani akatoka na ekeri yake ya kupimia pembe za milango.

Kine alikuwa amenifundisha: nyonga, goti na kifundo cha mguu, kila kimoja nyuzi 90, mtoto asiteleze mbele. Nikamwambia. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nyuzi 90 ndiyo kazi yake. Mlango usio na nyuzi 90 haufungi. Akampima PDG mgongo, paja, ugoko, upana wa kiuno, akaandika kwa chaki ukutani. Akasema nirudi.

Umeme katika mtaa ule ulikuwa unarudi usiku wa manane, kwa hiyo alikitengeneza usiku wa manane. Magurudumu ya nyuma ni ya kinga, yaani baiskeli, yenye mpira wa kujazwa upepo, yanayozibika popote palipo na kijana mwenye pampu. Ya mbele aliyang'oa kwenye toroli lililokufa. Mikanda ni ya usalama, kutoka Toyota iliyopata ajali, na PDG anaifurahia kwa sababu inalia "tak". Katikati ya magoti aliweka kigogo kilichofungwa sponji, maana miguu yake hupenda kupishana, na hilo nilikuwa nimesahau kumwambia. Aliliona mwenyewe siku ile alipomzunguka.

Nilileta makuta tuliyochanga. Akakataa.

"Miye siuzishake viti. Nauzishaka milango."

Nikasema basi ni zawadi, Mungu akubariki. Akakataa hiyo pia! "Hapana. Ni ya kuazima. Akikomala, urudishe, nitaongeza chuma."

Na ndivyo tunavyofanya. PDG akirefuka, tunakwenda Katuba, fundi anachukua ekeri, anafuta chaki ya zamani ukutani, anaandika mpya. Anakata paipu, anaunganisha kipande, anaongeza vidole vichache vya paja. Wateja wa milango wanangoja. Mmoja alilalamika kwamba geti lake linachelewa, fundi akamwambia geti halikui. Siku moja niliona karibu na vipimo vyetu vipimo vingine, vya mtoto mdogo zaidi, na sikuuliza ni vya nani.

Ameshika nafasi ya kwanza kwa kanuni ya tatu, na kwa sababu moja nyingine: wote waliotangulia walitusaidia siku moja. Huyu alijiwekea kazi ya miaka, kwa mtoto wa watu wengine, kisha akaiita kuazima ili nisibebe deni la shukrani.

Basi, mkitukuta njiani: breki ni ile yenye mpira mwekundu, upande wa kushoto. Ulizeni kabla ya kushika. Msishike pa kuwekea mikono, hapo pamechomelewa lakini panauma. Mkiwa na nafasi ya mbele kwenye taksibisi, mnajua ni ya nani. Na wenye meza za karanga, msimwonee huruma. Makuta anayo, mngoje tu mkono ufunguke.